Tairi haliingii kwa nguvu

Jana nimefunga tairi jipya la nyuma la pikipiki yangu, nyumbani, peke yangu, na tyubu haikutoboka. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba ameshatoboa tyubu mbili na anataka kuachana kabisa na kazi hii. Usiache, ndugu yangu. Mimi nilitoboa tatu.

Ya kwanza niliijaza upepo, ukatoka wote kabla sijafunga pampu. Nilipoichomoa nikakuta matundu mawili madogo yamekaa jirani, kama nyoka ameng'ata. Nikabandika kiraka, nikarudisha, nikatoboa kwingine. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu ilipokwisha nikabeba gurudumu hadi kwa fundi. Akanitazama, akaniuliza mbele ya wateja wake: "Nani alikutuma ufanye kazi usiyoijua?" Watu wakacheka. Miaka imepita, na swali lile bado linanichoma.

Hakunifundisha neno hata moja. Lakini nilimwangalia magoti. Alikuwa ameyakandamiza juu ya tairi, na hakuyainua mpaka kipande cha mwisho, upande wa pili kabisa, kilipoingia.

Siri iko kwenye magoti yale. Mdomo wa tairi, yaani ile sehemu ya pembeni inayoshika rimu, una waya wa chuma ndani yake, hautanuki hata ukivuta mpaka jasho likutoke. Rimu nayo ina mfereji katikati, wenye mzingo mdogo kuliko ukingo. Upande mmoja ukizama kwenye mfereji, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka ukingo. Ukiona chuma cha kufungia, kile unachosukumia mdomo uvuke ukingo, kinadai nguvu, ujue ule upande mwingine umepanda kutoka kwenye mfereji. Simama, ukandamize tena. Mimi nilikuwa naongeza nguvu, na kila nilipoongeza, ncha ya chuma ilizama zaidi na kubana tyubu.

Kufungua gurudumu na kutoa tairi kuukuu sitasimulia, hilo unaliweza. Angalia tu mpira mwembamba unaofunika vichwa vya spoki kama haujachanika, na mshale ulio ubavuni mwa tairi uelekee gurudumu linakozungukia. Paka midomo ya tairi maji ya sabuni. Mafuta ya injini usiyaguse, yanaharibu mpira.

Tyubu itie upepo kidogo, ishike umbo tu, isijikunje. Nati ya valvu iache juu kabisa, usiikaze. Mdomo wa kwanza ukiwa umeshaingia na tyubu iko ndani, anza kuingiza mdomo wa pili upande ulio mbali na valvu, umalizie kwenye valvu. Nilianza kinyume muda mrefu sana. Kitako cha valvu kinakaa ndani ya mfereji, kwa hiyo ukianzia hapo mdomo haupati pa kuzama. Ukifika mwisho, isukume valvu juu kidogo ili tyubu ikae mbali na chuma. Kila ukisukuma kwa chuma, ingiza mdomo kidogo kidogo, upana wa vidole viwili, magoti yakiwa palepale.

Vijana, tuache haraka. Tunataka kila kitu kiishe ndani ya dakika kumi, kisha tunalaumu tyubu kuwa ni mbovu. Tyubu haina kosa. Kaa chini, pumua, kandamiza upya. Mikono inayojifunza inahitaji muda, na asikucheke mtu kwa hilo.

Ukishajaza upepo, tazama ule mstari mwembamba uliochongwa kwenye tairi karibu na rimu. Uwe sawa mzunguko mzima. Jana kwangu ulikuwa umezama sehemu moja, nikatoa upepo, nikaongeza sabuni, nikajaza tena. Pa! Mdomo ukakaa. Ndipo nikashusha upepo hadi kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, nikakaza nati ya valvu kwa vidole.

Leo asubuhi, kabla ya chai, nimepima tena. Upepo uko palepale nilipouacha.