Tuna makapeti mawili na vilabu vinne, chama cha taifa tunaanzia wapi?

SWALI: Habari za kazi mkubwa. Sisi tuko Tororo, Uganda, tunacheza bolsi ya ndani (ule mchezo wa kuviringisha matufe kwenye kapeti yasogee karibu na kitufe kidogo) kwenye ukumbi wa parokia, na kuna wenzetu Mbale, Jinja na Kampala. Mzee aliyetuletea makapeti anasema tusajili kampuni fasta, jina lake likae la kwanza, alafu hiyo kampuni ndo iwe chama cha taifa. Ni sawa? Na tukishakuwa chama tunaweza kwenda Michezo ya Jumuiya ya Madola?

JIBU: Ndugu yangu, hapo kwa kampuni simameni kwanza. Kampuni ina wenyewe, na mwenye kampuni akiamka vibaya siku moja anawaambia nyie ni wageni wake. Chama cha mchezo wenyewe ni vilabu. Mnaokumbuka yale makelele ya FUFA Limited ya 2012 na 2013, pale chama cha mpira wa miguu cha Uganda, FUFA, kilipoulizwa kama kimegeuka kampuni, mnajua swali la "huyu ni chama ama ni kampuni" linaweza kula muda kiasi gani, na ule ni mpira wa miguu wenye watu na pesa, sembuse nyie wa makapeti mawili. Sheria yenyewe ya michezo imebadilika, ile ya 1964 iliondolewa na ya 2023 ndo inatumika, kwa hiyo kabla hamjachapisha tisheti mtu mmoja apande gari aende Lugogo, ofisi za Baraza la Taifa la Michezo, aulize masharti ya usajili yalivyo leo, asitegemee alichosikia kwa boda.

Sasa kitu ambacho hamkuuliza lakini ndo kikubwa: mtaandika mchezo gani kwenye katiba? Nikisikia ukumbi wa parokia najua mnacheza ile ya kapeti fupi, urefu futi 40 mpaka 45 na upana futi 6, na kile kibao cha inchi 15 katikati ambacho tufe lazima likizunguke. Ile bolsi ya ndani ya kapeti refu inataka zaidi ya mita 30, ukumbi wenu hauibebi. Alafu kuna ya nyasi. Hizo ni tatu, na mkijiandikisha kama "chama cha kapeti fupi" tu, kesho mtu mwingine anakuja na ya nyasi, yeye ndo anatambuliwa na World Bowls, shirikisho la bolsi la dunia, nyie mnabaki kuomba ruhusa nyumbani kwenu. Andikeni bolsi ya aina zote, nje na ndani, hata kama hamjawahi kukanyaga hiyo nyasi.

Hapo ndo inaingia Madola. Bolsi iko kwenye ile michezo tangu 1930, iliruka mwaka mmoja tu, 1966, na Glasgow 2026 imepangwa ndani, kwenye kapeti. Lakini ni kapeti refu, kibao hakuna, na anayepeleka majina ya Uganda ni Kamati ya Olimpiki ya Uganda, sio chama moja kwa moja. Kwa hiyo msiwaahidi vijana ndege.

Matufe nayo, maana najua mtajaribiwa: fundi wa Katwe atakuchongea tufe zuri la kung'aa, shida ni ule mpindo wa upande mmoja unaolifanya likate kona likianza kuchoka, huo unapimwa na tufe linapigwa muhuri, na uzito usizidi kilo 1.59. Bila muhuri kila mechi itaisha kwa ugomvi. Na kapeti mnaviringisha kwenye bomba, hamkunji kama shuka! Likishapata mkunjo mmoja tu, tufe likifika pale linaruka kidogo na kuhama njia, mchezaji anadhani mkono wake ndo mbaya.

Kura: kila klabu wajumbe wawili, Kampala wasipewe zaidi ati kwa sababu ni Kampala. Pesa benki, sahihi tatu, sio simu ya mweka hazina.

Kuhusu mzee, msimtukane, kaleta mchezo. Mpeni ulezi wa chama, kiti cha mbele, hotuba fupi kama inawezekana. Ila mimi nilishakuwa katibu wa chama kimoja, mchezo mwingine, mwenyekiti alikasirika Jumapili kwenye mkutano na Jumanne tukafungua stoo tukakuta ufagio peke yake, vifaa vyote vimepanda pikapu, na hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha ni vyetu. Kwa hiyo kabla ya katiba, kabla ya Lugogo, kaeni naye na chai mumuulize kwa heshima yale makapeti ni zawadi ama ameazimisha, na akijibu tu andikeni palepale, aweke sahihi, na padri awe shahidi.