Soya mbichi kwenye unga wa lishe

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miezi 11. Namnunulia unga wa lishe sokoni Mbuyuni, una nafaka 12 pamoja na soya. Kila akinywa uji wake tumbo linajaa gesi na anaharisha. Jirani anasema soya ina homoni za kike, itamharibu mtoto wa kiume. Bibi yake naye anakunywa unga wa soya, anasema umemponya presha na dawa ameacha. Nifanyeje? Mama Elia, Majengo, Moshi.

JIBU: Mama Elia, jirani yako ameisingizia soya. Anachokisema ni isoflavoni, kemikali ya mmea inayofanana na homoni ya kike lakini yenye nguvu ndogo mno. Wanaume waliolishwa soya na kupimwa damu, homoni zao hazikushuka. Hilo liishie hapo.

Kinachomsumbua mwanao, kwa ninavyoona kila wiki kliniki, huenda ni soya isiyoiva. Soya mbichi hukizuia kile kimeng'enya cha kongosho kinachovunja protini. Mtoto anakula, chakula hakimfai, tumbo linavurugika. Ukiwauliza wauzaji wanakujibu, "Tumekaanga, dada." Juzi nilichukua punje kwenye kisado cha hiyo "iliyokaangwa", nikaipasua kwa meno: ganda la kahawia, ndani ngumu, ladha ya maharage mabichi. Hakuna mama wa Kichaga atakayepakua kiburu, yaani ndizi na maharage, wakati maharage hayajaiva. Mbona soya, ambayo ni ndugu yake maharage, tunaisaga hivyo hivyo na kumpa mtoto mwenye meno manne? Na uji wa kuchemka dakika tano hauiivishi.

Tengeneza mwenyewe. Chambua soya, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka na uache zitokote dakika 25 hadi 30. Maji hayo mwaga, maana baadhi ya sukari zinazoleta gesi huyeyukia humo. Sugua maganda yatoke, anika zikauke kabisa, kaanga kidogo, ndipo upeleke mashineni. Vikombe vitatu vya mahindi kwa kimoja cha soya vinatosha.

Ndiyo, vinatosha! Hizo nafaka 12 zinanichosha kuliko kitu chochote katika kazi hii. Zaidi ya theluthi ya uzito wa soya kavu ni protini, tena yenye asidi amino zote muhimu. Ukirundika juu yake karanga, ngano, mtama na mbegu za maboga, mtoto hapati akili zaidi. Unazidisha nafasi ya punje mbovu kuingia. Mahindi na karanga ndiyo yanayoshika sumukuvu (sumu ya ukungu) kirahisi, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo. Moto wa uji hauiondoi. Mahindi yako utayachambua punje kwa punje, lakini unga uliosagwa na mtu mwingine utauchambuaje? Na mtoto akipata mzio, kati ya vitu 12 utajua ni kipi?

Wauzaji hao hao wa unga wa lishe ndio wanaouza unga wa soya wa "kutibu" presha na kisukari, stendi na kwenye simu zetu. Soya ikila nafasi ya nyama ya mafuta hushusha lehemu mbaya (kolesteroli mbaya ya damu) kwa asilimia 3 au 4 hivi. Ni faida ya kweli, nami naila, ila si dawa ya presha. Presha hupanda bila kuuma popote, kwa hiyo kujisikia vizuri si kupona. Nimewapokea wazee waliopooza upande mmoja, na pakiti za vidonge zimejaa kabatini. Anayemeza vidonge vya tezi ya koo naye asivichanganye na soya, aachanishe kwa muda wa saa nne, kwa sababu soya huzuia dawa kufyonzwa.

Huo unga acha leo. Mpe mtori laini, yai lililoiva na titi kama kawaida. Akiharisha damu, akipata homa au macho yakizama, mkimbize hospitali. Bibi naye apimwe presha wiki hii, na aende na pakiti zake za dawa mkononi.