Brauza inakula RAM yote? Bonyeza Shift+Esc kabla hujafuta chochote

Mkuu, umesema laptopu yako ni ya mtumba, RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) 4GB, diski ni ile ya kuzunguka, Windows 10. Ukifungua Chrome na vichupo (tabs) kama kumi mashine inaganda, na Task Manager inaonyesha kumbukumbu imefika asilimia 93. Umeshafuta kache (nakala za kurasa ambazo brauza inajiwekea) mara kibao, na sasa kuna jamaa anakushauri upakue programu ya "kusafisha RAM". Hiyo achana nayo, nakuja kueleza kwa nini.

Kwanza, brauza kutumia RAM nyingi si ugonjwa. RAM iliyokaa bure haikusaidii kitu. Chrome tangu itoke mwaka 2008 inagawa kazi kwenye michakato (processes) mingi, ili kichupo kimoja kikifa kisiue vingine. Mwaka 2018, baada ya udhaifu wa prosesa uitwao Spectre kutangazwa, wakaongeza ukuta mwingine: kila tovuti inakaa kwenye mchakato wake, hata ile iliyopachikwa ndani ya ukurasa wa wenzake. Google wenyewe walisema ulinzi huo unaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Hiyo ndiyo gharama ya kuzuia tovuti za ajabu ajabu zisichungulie mambo yako ya benki, kwa hiyo anayekuambia uuzime usimsikilize.

Ugonjwa unaanza RAM inapojaa. Hapo Windows inachukua vitu ambavyo hujavigusa muda mrefu na kuvihamishia kwenye faili lililoko kwenye diski. RAM inajibu ndani ya nanosekunde 100 hivi. Diski ya kuzunguka inahitaji milisekunde kama 10 kufika palipo data. Piga hesabu: tofauti ni kama mara laki moja. Ndiyo maana ukirudi kwenye kichupo cha asubuhi unakutana na ukurasa mweupe, taa ya diski inawaka bila kupepesa na kipanya kinaruka ruka. Mashine ikiganda tena, tazama safu ya Disk kwenye Task Manager. Ikiwa imegota asilimia 100, usiulaumu mtandao.

Sasa hizo programu za kusafisha RAM. Nyingi zinachofanya ni kuilazimisha Windows isukume vitu kwenda diski kabla ya wakati. Namba inashuka, unafurahi, halafu unabofya kichupo na kila kitu kinaanza kurudishwa kwa mwendo wa konokono. Na kufuta kache hakupunguzi RAM, kwa sababu kache ya brauza sehemu kubwa inakaa kwenye diski. Unachovuna ni kupakua upya picha zilezile kwa bando lako.

Fanya hivi. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc. Inafunguka Task Manager ya Chrome yenyewe, tofauti na ya Windows. Bofya kichwa cha safu ya kumbukumbu ili vilivyo vikubwa vikae juu, kisha iache wazi ukiendelea na kazi zako. Namba kubwa peke yake haisemi mengi. Tafuta namba inayopanda na haishuki.

Mfano, kuna steshenari moja niliitwa. Asubuhi kompyuta yao inakwenda vizuri, ikifika saa nane mchana inabidi waizime na kuiwasha, na wateja wamepanga foleni na flashi mkononi. Mama mwenye duka alishaambiwa ni virusi. Nikafungua hiyo orodha: Gmail MB 300 na kidogo, WhatsApp Web karibu hapo hapo. Juu kabisa hapakuwa na tovuti yoyote. Palikuwa na mstari unaoanza na neno Extension, yaani kiendelezi, programu ndogo inayopachikwa kwenye brauza. Hiki kilikuwa cha bure cha kugeuza PDF kuwa Word, MB 1,100. Sikukigusa. Nikamwacha ahudumie mteja aliyeleta CV huku naangalia. Kila PDF iliyofunguliwa namba ilipanda, ikifungwa inabaki palepale. Nikakichagua, End process, taa ya diski ikatulia. Tukakiondoa moja kwa moja, na hakuhitaji mbadala: Word tangu toleo la 2013 inafungua PDF na kuigeuza yenyewe.

Kwa hiyo kagua viendelezi vyako, hasa vyenye ruhusa ya kusoma na kubadilisha data kwenye tovuti zote. Hivyo vinaweza kuingiza msimbo wao ndani ya kila kichupo, yaani vichupo kumi, mara kumi. Kipimo cha haraka ni Ctrl+Shift+N: kwenye dirisha fiche (Incognito) viendelezi havifanyi kazi mpaka uwe umeviruhusu. Fungua humo tovuti zako zilezile. Kama mambo ni shwari, umeshampata mchawi. Kizuia matangazo peke yake ndicho ninachokitetea, maana kwenye tovuti za habari zilizojaa matangazo kinaokoa kuliko kinachokula.

Kisha ingia Settings, Performance, uwashe Memory Saver, ambayo inavilaza vichupo usivyovitumia. Kwenye System zima ile ya kuruhusu programu ziendelee kufanya kazi Chrome ikishafungwa. Kuhamia Firefox? Jaribu, ila kwa 4GB usitegemee muujiza, nayo imejenga ukuta kama ule ule. Huko andika about:processes kwenye sehemu ya anwani, utaona orodha kama hii.

Ukimaliza yote hayo na hakuna kiendelezi wala kichupo kinachovimba, basi ni RAM kweli haitoshi. Mafundi wengi watakusukumia SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Ni nzuri, mashine nzima itachangamka, lakini kwa shida hii hasa ningeanza na RAM, maana SSD inaficha tu ule uhamishaji. Kabla hujatoa hela ingia Settings ya Windows, System, About, uangalie System type. Mashine za mtumba wakati mwingine zimepigwa Windows ya biti 32, na hiyo haivuki 4GB hata uongeze vipi. Itabidi upige upya ya biti 64. Halafu kwenye Task Manager ya Windows nenda Performance, Memory, usome Slots used. Ikiandika 1 of 2 una bahati, unaongeza kijiti kimoja tu. Chomoa kilichopo uende nacho dukani, kwa sababu aina za RAM kama DDR3L na DDR4 haziingiliani, na laptopu nyingi zinazotumia DDR3L ya volti 1.35 hazikubali DDR3 ya kawaida ya volti 1.5.