Kwa Nini Shilingi 9,500 Zimetangulia Shilingi 12,000?

SWALI: Mhariri, mimi ni karani wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Njoro, Kaunti ya Nakuru. Kila mwezi natayarisha orodha ya malipo kwa MySQL, programu ya hifadhidata, nikianza na mkulima anayelipwa zaidi. Tangu nilipotia koma kwenye fedha kwa FORMAT(malipo, 2) AS malipo, mwenye shilingi 9,500 hutokea juu ya mwenye 12,000. Tena, namba za simu hazina sifuri ya mwanzo. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu Karani, FORMAT hurudisha maandishi wala si namba, na maandishi hupangwa kwa kulinganisha alama moja moja kuanzia kushoto, ndiyo sababu 9 imeishinda 1 kabla hata koma haijafikiwa. Kilichokuponza hasa ni kuyapa matokeo jina lile lile la safuwima, kwa kuwa ORDER BY ya MySQL, yaani amri ya kupanga, huyatazama kwanza majina yaliyotolewa katika SELECT, amri ya kuchagua data, ndipo iende kwenye jedwali. Andika FORMAT(malipo, 2) AS malipo_ripoti, kisha ORDER BY malipo DESC, yaani kutoka kubwa kwenda ndogo.

Jumla nayo uikokotoe kabla ya kutia koma, yaani FORMAT(SUM(malipo), 2). Ukigeuza mpangilio huo, yaani SUM(FORMAT(malipo, 2)), MySQL itasoma '12,500.00' hadi kwenye koma na kubaki na 12, na sidhani wanachama watakuelewa siku ya mkutano mkuu.

Tarehe zina mtego huo huo. DATE_FORMAT(tarehe, '%d/%m/%Y') hutoa mtindo tuliouzoea Kenya, lakini ukipanga kwa matokeo yake, tarehe 2 Desemba itatangulia 15 Machi. Angalia pia ukubwa wa herufi: %m ni mwezi kwa tarakimu, %M ni jina la mwezi, na dakika ni %i.

Kuhusu simu, safuwima ya aina ya INT (namba kamili) haihifadhi sifuri ya mwanzo. LPAD(simu, 10, '0'), inayojaza sifuri kushoto hadi tarakimu kumi, itairudisha katika ripoti, ila kwa maoni yangu namba isiyojumlishwa wala kugawanywa haifai kuwekwa kama namba. Ibadilishe safuwima iwe VARCHAR (maandishi), kisha uzirekebishe zilizomo kwa LPAD hiyo hiyo. Mfumo wa malipo ukidai namba ianze na 254, tumia CONCAT('254', SUBSTRING(simu, 2)), inayounganisha 254 na namba isiyo na sifuri ya mwanzo, na usijaribu kuyahifadhi matokeo yake katika INT, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647.