Pima chumba chako kwanza: maswali ya wanaotaka kusomea usanifu wa ndani

Maswali ya mwezi huu karibu yote yametoka kwa wanafunzi wanaotaka kusomea usanifu wa ndani ya nyumba, na kwa wazazi wao. Nimechagua haya sita.

Niko Kidato cha Nne, Kakamega. Baba anasema hii ni kazi ya kuchagua mapazia tu, haina haja ya kusomewa. Nimjibu nini?

Usibishane naye, mwonyeshe. Kama sebule yenu ina dirisha la magharibi, mketi humo pamoja saa tisa alasiri. Sisi tunaishi karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua la asubuhi hupiga ukuta wa mashariki na la jioni ukuta wa magharibi, huku kuta za kaskazini na kusini zikipata afueni. Sebule ya dirisha la magharibi, chini ya mabati yasiyo na dari, huwa tanuri. Pazia zito halitaiponya, kwa sababu jua likishapita kioo, joto limeshaingia ndani. Msanifu ataomba kivuli upande wa nje wa dirisha, dari chini ya mabati, matundu ya juu ya kutolea hewa moto, na kochi lihamie ukuta mwingine.

Kisha pimeni meza ya chakula. Kwa kawaida meza huwa na kimo cha sentimita 75 hivi, na kiti 45. Tofauti hiyo ikipungua, magoti yanagonga meza. Ikizidi, mtu anakula mabega yakiwa yamepanda. Jikoni, sehemu ya kukatia mboga huwa karibu sentimita 90, ila kama mama yako ni mfupi, ishushwe, maana yeye ndiye anayesimama hapo kila siku. Haya ndiyo tunayosomea, mapazia huja mwisho kabisa. Na vile vitambaa vya makochi alivyovifuma mama kwa mkono, usije ukavidharau eti umesoma. Nyumba ni yake.

Nilipata C wazi katika KCSE. Niko Nakuru. Je, mlango umefungwa?

Haujafungwa, mwanangu. Shahada inataka C+ kwenda juu, lakini stashahada huanzia C-, kwa hiyo wewe umefuzu. Vyuo vya kiufundi hupokea wanafunzi kupitia KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, vilevile, na HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, hukopesha hata wanaosoma huko. Tafuta kozi ya usanifu wa ndani, na ukiikosa karibu nawe, tafuta ujenzi, useremala au uchoraji wa ramani za majengo. Aliyeanzia kwenye mbao huniletea kazi ninayoweza kuiamini. Kwa wenzako waliopata C+, Chuo Kikuu cha Maseno hufundisha usanifu wa ndani hapahapa magharibi, si lazima waende Nairobi.

Sijui kuchora. Niache?

Usiache. Tunachohitaji ni mistari iliyonyooka na vipimo vya kweli. Sura ya mtu hatuchori. Mkono huzoea.

Sina kompyuta, na wenzangu tayari wanatumia programu za kuchorea kama AutoCAD na SketchUp. Nitawafikiaje?

Chukua karatasi ya A4, rula, penseli na utepe wa kupimia. Pima chumba unacholala. Tuseme ni kile cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, kama vilivyojaa mitaa ya Nyalenda na Manyatta hapa Kisumu: ni karibu mita 3 kwa 3. Ukichora kwa kipimo cha 1:20, yaani sentimita 1 ya karatasi kwa kila sentimita 20 za chumba, kila upande unakuwa sentimita 15, na chumba chote kinaenea kwenye karatasi yako.

Sasa kata vipande vya karatasi nyingine kwa kipimo hichohicho: kitanda, meza, jiko la gesi, ndoo za maji, sanduku la nguo. Vipange upya juu ya ramani. Weka alama mlango unapofungukia, na dirisha lilipo. Utagundua mambo: pazia linalotenga kitanda limeziba dirisha la pekee, jiko liko mahali ambapo upepo wa mlangoni unapuliza moto, na mtoto anasomea kwenye kona yenye giza kuliko zote. Jaribu mpangilio wa pili, wa tatu, wa nne, na chini ya kila mmoja andika umepata nini na umepoteza nini. Karatasi hizo nne zitunze, ndizo za kwanza katika faili utakayoionyesha chuoni au kwa mwajiri. Mimi nikipokea mwanafunzi wa mafunzo ya kazini, natazama kwanza kama amewahi kupima kitu kwa mkono wake.

Programu utazijua. SketchUp ina toleo la bure linalofanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo hata kompyuta ya saiba inatosha kuanzia.

Mimi ni mzazi, Kisumu. Binti yangu ameona kozi ya miezi mitatu mtandaoni inayoahidi stashahada. Nilipe?

Mama, usilipe bado. Chuo cha kiufundi hutakiwa kusajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya kiufundi, na chuo kikuu kutambuliwa na CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, basi uliza huko kwanza. Kozi fupi inaweza kumfundisha programu moja vizuri, na hilo lina faida yake. Lakini stashahada ya miezi mitatu mimi siiamini. Pesa hizo zingemlipia nauli ya kwenda soko la Kibuye kwa mafundi wa makochi akajifunze jinsi fremu inavyoungwa, na kwa nini mbao mbichi hupinda baada ya miezi michache. Awaone pia wanaosuka viti vya magugumaji. Gugu lilelile linalowasumbua wavuvi wetu hukaushwa, likasokotwa, likazungushiwa fremu ya mbao, na kiti kikiwekwa pakavu, kinadumu. Akijua hilo, atakuwa na kitu cha kumpa mteja kisichotoka kwenye picha za watu wengine.

Jirani anataka nimpangie saluni yake. Nimtoze vipi?

Andikeni makubaliano, hata ukurasa mmoja: utachora nini, lini, na ataruhusiwa kubadilisha mara ngapi. Nusu ya ada yako ilipwe kabla hujaanza kuchora. Pesa za rangi na mbao azilipe mwenyewe dukani, zisipitie mfukoni mwako. Akitaka ukuta ubomolewe, mwambie amwite mhandisi au msanifu majengo aliyesajiliwa. Hapo si kazi yako.

Halafu pima njia ya kuingilia. Mwaka wangu wa kwanza niliagiza kochi la watu watatu kwa mteja wa ghorofa ya tatu. Nilikuwa nimepima sebule mara mbili, lakini kona ya ngazi sikuipima. Kochi lilikwama pale, vijana wanne wamelishika, mteja akitazama kutoka juu. Fundi ilibidi alikate fremu na kuliunga upya ndani, na gharama niliibeba mimi. Kwa saluni, vitu vya kuangalia ni kile kiti cha kuoshea nywele na vioo virefu: pima mlango, pima korido, pima na kona, kabla hajanunua.