Ada ya ICT elfu 50: kabla hamjagoma, ulizeni inakaa kifungu gani

Mdogo wangu umeuliza kama mgome kwa sababu chuo kimewaongezea ada ya ICT, yaani ya kompyuta na intaneti, elfu 50 kwa mwaka. Mimi nilikaa bunge la wanafunzi miaka miwili kwenye chuo kimoja hapa Tanzania, sitakitaja, na nilikuwa kamati ya ada na mikopo, kwahiyo hili jambo nimelishika kwa mikono yangu.

Kwetu ilikuwa hiyohiyo elfu 50. Tulikuwa kama wanafunzi 4,000, piga hesabu, ni milioni 200 kwa mwaka, halafu kompyuta lab ina mashine 60 zinazowaka ni 22 na wifi unaipata ukikaa kwenye ngazi za maktaba tu. Watu wananunua bando kwa hela ya boom, yaani ile ya kujikimu inayotoka kwenye mkopo, ili watume asaimenti, na wale ambao Bodi ya Mikopo imewapa asilimia ndogo ndo walikuwa wanaumia zaidi maana hiyo elfu 50 wanaitoa mfukoni na bando wanalitoa mfukohuohuo. Tukaenda kwa mhasibu na barua, tukazungushwa wiki tatu, siku tuliyofunguliwa vitabu tukakuta ada ya ICT haina kifungu chake kwenye bajeti. Inaingia akaunti moja na mapato mengine yote, ikishaingia hamna anayeijua tena, imenunua dizeli ya jenereta, imelipa posho za vikao, imekarabati geti. Hakuna aliyeiba, na hapo ndo niliumia kabisa, maana angekuwepo mwizi tungejua pa kuanzia.

Halafu vijana wa IT wakatuambia kitu sikuwahi kukifikiria. Zile 38 mbovu nyingi zilihitaji pawa saplai, hard disk, betri za UPS (kile kifaa kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika), vitu vya kawaida tu, lakini bajeti ilikuwa na manunuzi, matengenezo hayamo, yaani mashine ikifa inafunikwa kitambaa inasubiri mradi ulete nyingine. Na laini ya intaneti inalipiwa kila mwezi kwa ukubwa wake, sasa ukubwa ulikuwa uleule wa enzi chuo kina wanafunzi 1,500, unategemea nini?

Baadae nilisoma masta Seattle, Marekani, University of Washington, nao wana ada ya teknolojia. Ila sheria ya jimbo lao inataka serikali ya wanafunzi ikubali kwa maandishi kabla ada haijaanza kutozwa, na kuna kamati ya wanafunzi inayopitia maombi ya idara na kuamua hela ipendekezwe iende wapi. Laptop yangu ilipokufa katikati ya muhula niliazima ya chuo bure, imenunuliwa na ada hiyohiyo. Pale nilielewa kwamba ada yenyewe haina ubaya.

Kwetu tulichopata baada ya kuhangaika ni kifungu cha peke yake na viti viwili vya wanafunzi kwenye kamati ya ICT. Muhula uliofuata mashine 41 zilikuwa zinawaka na hatukununua hata moja mpya. Kwahiyo ombeni vyote viwili, kifungu na viti, na fungu la matengenezo liandikwe kabisa. Kama chuo chenu ni cha serikali mwaka wa fedha unaanza Julai 1, barua ifike kabla baraza la chuo halijapitisha bajeti, ikishapita mtaambiwa msubiri mwakani.