Kabla ya Kuuza Sarafu Zako Zote na Kuanza Upya

Wengi wetu huanza kukusanya sarafu bila mpango: anayekuja na ya Misri tunapokea, anayekuja na ya Ureno tunapokea, mpaka makopo yanajaa na hamu inapungua. Baada ya miaka tisa niliamua kuuza kila kitu na kuanza upya na sarafu za Afrika Mashariki peke yake. Uamuzi wenyewe sijaujutia. Ninachojutia ni haraka niliyofanya nao, na ndiyo sababu ya kuwaandikia ninyi mnaoanza.

Nilikuwa na sarafu saba za hela 20 za mwaka 1916, zile zilizopigwa chapa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, koloni la Wajerumani lilipokuwa limekatiwa njia ya bahari. (Neno letu “hela” limetokana na sarafu hizo za Kijerumani.) Kwa kuwa zilifanana machoni pangu, nilibakiza moja iliyong'aa zaidi na kuziuza sita zilizobaki kwa bei ya jumla. Baadaye nilijifunza kwamba zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo, zipo za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na hata ncha za herufi L katika neno “Heller” hutofautiana. Baadhi ya michanganyiko ya alama hizo hupatikana kwa shida sana. Kwa hiyo, usiite sarafu nakala ya nyingine kabla ya kuziweka pamoja chini ya kioo cha kukuzia na kuzisoma pande zote mbili. Ukizoea, utaona hata katika senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la mfalme Edward VIII, ambazo ni za bei ndogo, kwamba nyingine zina alama ya H na nyingine KN, yaani viwanda tofauti vilivyozitengeneza.

Jambo la pili ni mizani. Rupia ya Wajerumani na shilingi ya Afrika Mashariki ya mfalme George V zote mgeni huziita “za fedha”, lakini rupia ina uzito wa gramu 11.66 na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi yake ni fedha halisi, ilhali shilingi, yenye gramu 7.78, ni robo tu ya fedha, yaani fedha iliyomo haifiki gramu mbili. Anayezipeleka zote kwa sonara kwa mkupuo mmoja huenda akaridhika na hesabu ya jumla asitambue kwamba rupia zake zimeibeba hesabu yote, na kwamba rupia isiyochakaa mkusanyaji huilipia kupita thamani ya fedha iliyomo.

Mnunuzi anayechukua mkusanyiko mzima naye ana haki ya kupata faida, hivyo atakupa sehemu tu ya bei anayotarajia kuuzia. Ukiuza kwa nusu ya bei kisha ukanunua nyingine kwa bei kamili, umeanza upya ukiwa na nusu ya ulichokuwa nacho. Uza kwanza zile unazoweza kuzipata tena wiki yoyote, na zile ambazo ulizitafuta kwa miaka uziache mwisho kabisa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa usizitie katika mzigo wa kuuza kabla ya kuuliza idara ya mambo ya kale, kwa maana sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863.

Wala usizisafishe ili zipendeze kwa mnunuzi. Ndimu na majivu huondoa weusi pamoja na ngozi ya juu ya sarafu, na mjuzi huliona jambo hilo mara moja akashusha bei.

Siku hizi sarafu ninayofikiria kuiuza huiweka katika bahasha yenye tarehe, nami siigusi kwa miezi sita. Kati ya zile hela sita za Tabora nimefanikiwa kuzipata tena za aina mbili, na kila moja imenigharimu zaidi ya malipo yote niliyopokea siku ile.